Jina Kwanza, Kifua Baadaye

Kwa miaka kumi na mmoja nilimwita Fundi, na humu pia nitamwita Fundi. Si kwamba jina lake silijui. Majina yake yote matatu nayajua, na ninajua hata anavyoyaandika, ile herufi ya kwanza ikiburuta mkia kama uzi uliosahaulika kukatwa. Siyaandiki kwa sababu ambayo nitaifikia mwishoni. Inaniaibisha, na mtu hulichelewesha linalomwaibisha.

Alikuwa mshonaji Nyamirambo, katika chumba kimoja chenye mlango wa kijani na cherehani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kusifiwa tu, maana ilikuwa imekufa siku nyingi na yeye hakuwa tayari kuizika. Juu yake, mwendo wa dakika kumi kwa mwenye mapafu ya kupanda mlima, ndipo kilipo Kituo chetu, kituo cha taaluma za Afrika cha chuo kikuu kimoja cha hapa Kigali. Niliajiriwa pale kama msaidizi wa utafiti, binti wa Kinyarwanda aliyekulia Karagwe, na sifa yangu kubwa ilikuwa Kiswahili. Fundi alikicheka siku ya kwanza tu.

"Wewe iko nasema Kiswahili ya redio," aliniambia. "Iko muzuri, lakini kama unanisomea habari."

Kazi ya Kituo, kwa maneno ya kipeperushi chetu, ilikuwa kuiwezesha Afrika ijisimulie yenyewe. Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta wa kusimulia. Mgeni alishuka uwanja wa ndege Kanombe asubuhi, mchana akawa ofisini kwa Mkurugenzi akieleza anachokitafuta: biashara ya zamani, Uislamu, mavazi, lugha. Mkurugenzi alikuwa amekulia Uganda na Kiswahili chake kilitosha kuombea chumvi. Alimsikiliza mgeni hadi mwisho, kisha akanigeukia na kusema, "Mpeleke kwa Fundi." Nikampeleka. Nadhani niliwateremsha wageni mlima ule zaidi ya mara mia, na kila mmoja aliamini kwamba amemgundua yeye.

Fundi hakuhojiwa na mtu mwenye mikono mitupu. Ukimwuliza swali, alikupa ncha ya kitambaa uishike huku yeye akikata upande wa pili. Nimewaona maprofesa wawili, watu wa kuandikiwa barua na mawaziri, wamesimama wima wameshika kitambaa cha sare za shule na kinasa sauti kimewekwa juu ya pasi. "Mikono ikikaa bure, sikio nayo inalala," alisema. Baadaye niligundua kwamba ilikuwa hila pia, kwani mtu aliyeshika kitambaa hawezi kuandika.

Wageni wote walitaka asili yake. Yeye hakupenda kuulizwa hilo, na hakuna aliyewahi kuijua asili hiyo kwa hakika, mimi nikiwemo. Mwaka mmoja Kituo kiliandaa kongamano, na watafiti watatu wakasimama mmoja baada ya mwingine kuzungumzia "mshonaji mmoja wa Kigali". Wa kwanza alisema babu yake alikuja na msafara kutoka Bagamoyo. Wa pili alisema ni mtu wa Ujiji. Wa tatu alisema Omani, tena alikuwa na ramani. Nusura wakamatane mashati. Jioni ile nilimshukia Fundi nikiwa nimefura, kwa sababu aibu ya kongamano ilikuwa aibu yangu.

"Kila mutu nilimupa ile alikuja nayo," alinijibu bila kuinua macho. "Yule wa Bagamoyo, Bagamoyo ilikuwa kwa mufuko yake tayari. Mimi nilimutolea tu."

"Na ukweli ni upi, Fundi?"

"Ukweli iko na mushono gani? Shika hapa."

Nikashika. Ndivyo alivyokuwa. Mtu mwongo kwa watafiti, lakini sijamjua mtu mkweli kuliko yeye mbele ya futi ya kupimia. Futi ile ya utepe hakuivua shingoni hata akienda msikitini. Wazee wenzake wanne, ambao kila baada ya swala ya Alasiri walikaa naye kwenye ukuta mfupi nje ya msikiti, walimtania kwamba siku ya kiama ataanza kwa kumpima malaika mabega. Walimtania pia kwa jambo lililomchoma zaidi. Mmoja wao alikuwa dereva mstaafu aliyefika hadi Mombasa, mwingine mfanyabiashara, mwingine mwalimu wa madrasa, na mwingine askari wa zamani. Wote walikuwa na safari zao za kusimulia. Yeye walimwambia kwamba amekaa maisha yake yote kitini. Alicheka nao. Kisha alirudi dukani na kushona kwa kasi ya mtu aliyetukanwa.

Akikupima alikuwa na utaratibu wake, na usingeweza kuuruka. "Jina kwanza, kifua baadaye," alisema. Hata kama ulikuwa mteja wake wa miaka ishirini, hata kama ulikuwa mkwewe, futi haikukugusa kabla hujataja jina lako, lote, naye akaliandika juu ya ukurasa na kulipigia mstari. Nilimwuliza kwa nini, naye akaniambia kwamba ukianza na namba unapima nguo, ukianza na jina unapima mtu. Kwa wanawake hakushika futi yeye. Binti yake alipima nyuma ya pazia na kumtajia namba kwa sauti ya chini, naye alikaa ameupa mgongo ule upande, anaandika, mdomo umejaa pini. Nguo ikiisha, alishonea ndani ya mfuko wa ndani kipande kidogo cha kitambaa cheupe chenye jina la mwenye nguo kwa uzi wa mkono. Jina lake mwenyewe hakulitia kokote. Mafundi wa mjini wanabandika nembo zao mpaka kwenye mkanda wa suruali. Yeye alisema koti ni la mwenye kulivaa.

Alikuwa na mambo yanayopigana. Alizikemea saa za wengine, na yeye Ijumaa yake ilikuwa Jumanne. Alipenda umbeya kuliko chai. Nani kaoa, nani kakimbia, nani anajenga Kicukiro huku mama yake analala kwenye nyumba inayovuja. Lakini kipimo cha mtu hakukitoa kwa lolote. Mume mmoja alikuja kutaka kujua vipimo vya mkewe amnunulie gauni kwa siri. Fundi alimwambia amlete. "Ni zawadi, mzee wangu," mume akalia. "Basi umukumbatie upime mwenyewe," Fundi akasema. Kwake kiuno cha mtu kilikuwa siri ya Mungu na fundi, na kati ya hao wawili alimwamini zaidi fundi.

Vipimo vile vyote viliandikwa kwenye madaftari. Yalikuwa kumi na tisa, amepanga chini ya meza ya kukatia, kila moja amelivika jalada la mabaki ya vitambaa, moja jinzi, moja kitenge, moja kaki ya sare za shule. Miaka minne tulikuwa tumefahamiana kabla hajanionyesha. Niliketi sakafuni nikafungua la kaki. Hayakuwa madaftari ya namba tu. Pembeni mwa kila mtu alikuwa ameandika neno moja au mawili, ya kujikumbusha. "Bega la kushoto liko chini, abebaye maji." "Amehamia Kanombe, mume askari." "Koti la harusi, ya pili, usitaje ya kwanza." Na mahali pamoja, chini ya jina la mwanamke mmoja ambaye vipimo vyake vilikuwa vimepungua kupita kiasi tangu ukurasa wake wa nyuma: "Amerudi. Amekonda. Usimuulize."

Mtu mmoja, kitini, alikuwa ameuandika mji mzima. Hakuna hata mmoja wa maprofesa wale walioshika ncha za vitambaa aliyejua kilichokuwa chini ya meza.

Nilimwomba ayalete Kituoni. Alikataa mwaka mzima. Nilipomwomba mara ya mwisho aliweka mkasi chini, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi, akanipa masharti yake.

"Majina ya wateja mutafunika. Wao hawajasema yego, hawajakubali. Mimi nimesema yego, mimi muniandike."

"Wewe, Fundi? Wewe huweki sahihi hata kwenye koti."

"Koti inaenda na mwenyewe. Lakini hii niliandika mimi, siku kwa siku. Mutu akisoma, ajue nani alikuwa anaandika." Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba kitu. "Nitapeleka hiyo kitabu pale kwa ukuta. Wale wane wasome jina yangu. Tutaona nani alikaa kwa kiti."

Kituo kina fomu ya ridhaa kwa kila anayetupa habari zake. Ina visanduku viwili: jina langu litajwe, jina langu lisitajwe. Fundi aliisoma yote kwa miwani, akauliza maana ya maneno mawili, akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Nilimwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, huku nakunywa chai yake, chai ambayo kwa kawaida hakumpa mtu.

Kitabu tulikiandika kwa miaka miwili, mimi na profesa mmoja mgeni. Kwa mara ya kwanza jina langu lingekuwa juu ya jalada, na mkataba wangu wa muda ungegeuka kuwa ajira ya kudumu. Mkurugenzi alitaka kitoke siku ya kufungua ukumbi mpya wa Kituo. Zilipobaki wiki chache, kamati ya maadili iliuliza kama wahojiwa wote wamefichwa majina. Kama yupo anayetajwa, tuandike maelezo ya ziada na tungoje kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuwa baada ya sherehe.

"Waficheni wote," Mkurugenzi alisema. "Ndiyo njia safi. Tena ni kumlinda."

Nilijua kwamba hakuna kilichohitaji kulindwa. Ningeweza kusema, "Mkurugenzi, huyu mtu ameomba." Maneno manne tu. Sikuyasema. Nilichapisha fomu mpya, nikatia alama mwenyewe kwenye kisanduku cha pili, nikateremka mlima. Nilimkuta anashona kanzu kumi za harusi na amechelewa kama kawaida. Nikamwambia Kituo kimebadilisha nembo, kwa hiyo fomu zinarudiwa. Karatasi niliikunja ili sehemu ya visanduku iwe chini na mstari wa sahihi uwe juu. Aliuliza, "Ni ile ile?" Nikasema, "Ni ile ile, Fundi." Akatia sahihi bila kusoma. Mtu ambaye hajawahi kutia mkasi kwenye kitambaa bila kupima mara mbili, alitia sahihi bila kusoma kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Alikuwa akipenda kutania wateja, akikuta chawa au mdudu kwenye nguo ya kurekebisha, "Kikulacho ki nguoni mwako." Siku ile hakusema. Mimi ndiye niliyeisikia methali ile njia nzima nikipanda.

Siku ya sherehe alifika kabla ya wageni. Alikuwa amejishonea koti jipya la rangi ya majivu, na safari hii hakulichelewesha. Nilikuwa mlangoni na orodha ya majina. Akanionyesha kola, akageuka nione mgongo, akauliza kama mabega yamekaa. Nikamwambia yamekaa. Sikuweza kumtazama usoni, nikajifanya natafuta jina lake kwenye orodha.

Katikati ya ukumbi lilikuwa kabati la kioo lenye daftari la kaki, limefunguliwa. Seremala aliyetengeneza kabati alichagua ukurasa wenye mwandiko mzuri na kipande cha kitenge kilichobandikwa pembeni. Chini palikuwa na kibao. Mtayarishaji wa vibao aliikuta kwenye faili sehemu ya jina la mtengenezaji ikiwa tupu, kwa hiyo akajaza alichoona kinafaa, na kabla hakijachapwa alinipa nikisome. Nilikisoma mara mbili kutafuta makosa ya herufi. Hayakuwemo. Kilisema: "Daftari la vipimo, Nyamirambo. Mshonaji: hajulikani."

Alikisoma akiwa ameinama, mikono nyuma, kama watu wanavyosoma tangazo la msiba. Kisha macho yake yalipanda kwenye ukurasa wenyewe, na hapo ndipo na mimi nilipotazama kwa mara ya kwanza ni ukurasa gani uliochaguliwa. Kitabuni tulikuwa tumefunika majina ya wateja yote. Humu ndani ya kioo hakuna aliyefikiria. Ukurasa ulikuwa wa mwanamke yule. Jina lake lote limepigiwa mstari, kifua, kiuno, nyonga, na chini yake: "Amerudi. Amekonda. Usimuulize." Mwanamke yule yu hai. Anauza nguo za watoto sokoni Kicukiro, na nimewahi kununua kwake.

Fundi akafungua vifungo vya koti lake jipya, kimoja kimoja, akalivua, akalitandaza juu ya kabati la kioo. Akalinyoosha pembe zote, kama mtu anavyofunika kitanda. Akabaki na shati.

Nilimwendea. "Fundi," nikasema.

"Jina yangu iko wapi?" aliuliza. Hakupandisha sauti.

Nilikuwa nimepata wiki kadhaa za kuandaa jibu, na lililonitoka, hadi leo likinijia barabarani, hunisimamisha. Nilisema, "Fundi, watu watakujua kwa kazi yako."

Alinitazama, akakitazama kibao, akasema kwa upole, "Huyu mutu namujua lakini."

Hapo Mkurugenzi akaingia, wageni wa heshima wako nyuma yake ngazini. Akaliona koti. "Nani ameweka nguo hapa? Wanaingia!" Alinitazama mimi, macho yake yakimpita Fundi, na nadhani hakumtambua, ingawa alimtumia wageni kwa miaka saba. Na mimi, niliyekuwa nimesimama katikati yao, nikanyoosha mikono nikalitoa lile koti. Nililikunja vizuri, mfuko wa ndani ukiwa nje, nikampa. Mwanamke yule akabaki wazi ndani ya kioo, na wageni wakaingia.

Fundi alivaa koti lake. Alifunga vifungo vyote, hata cha juu. Akapita kati ya wageni, akaomba samahani kwa kila aliyempisha, akatokea mlango wa jikoni. Sikumfuata kwa sababu hotuba ilikuwa inaanza. Hotuba ile niliiandika mimi, na Mkurugenzi aliimaliza kwa sentensi moja ya Kiswahili niliyomfundisha kutamka kwa siku tatu: "Mcheza kwao hutunzwa." Watu walipiga makofi sana.

Kesho yake asubuhi nilifungua kabati nikalifunga daftari, likabaki kuonyesha jalada tu. Ndilo jambo pekee nililolifanya upesi, na nililifanya kabla mtu hajafika kazini. Nakala ya kitabu niliyomwahidi nilimpelekea kwa tarishi wa ofisi. Sijui kama aliifungua. Najua hakuipeleka ukutani.

Baada ya hapo nilijifunza njia nyingine ya kushukia mjini, ndefu, isiyopita kwenye mlango wa kijani. Unaweza kukaa mji mmoja na mtu na usimwone kwa miaka mitatu, ukijitahidi. Nilisikia kwamba nyumba zile zimevunjwa lipande jengo la ghorofa, na kwamba Fundi amehamia kwa binti yake Kinyinya. Nikasikia dereva wa Mombasa amefariki, kisha mwalimu wa madrasa. Sikwenda kuhani. Watafiti wapya waliposhuka Kanombe na kumwulizia yule mshonaji waliyemsoma, niliwajibu kwamba jina lake limehifadhiwa, na nikauona mdomo wangu unavyolisema hilo kitaalamu.

Mwaka jana nilifanywa naibu mkurugenzi. Siku nilipopata mhuri, kitu cha kwanza nilichoidhinisha kilikuwa kibao kipya. Kina majina yake matatu kwa herufi kubwa, na chini yake: "Mshonaji na mwandishi." Nilikitia kwenye bahasha na barua ya Kituo ya kuomba radhi, nikapanda pikipiki hadi Kinyinya, njia nzima nikipanga maneno. Kule kila kiwanja kina lori la mchanga, na nyumba ya binti yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msingi unaochimbwa.

Nilimkuta ukumbini karibu na dirisha, amezeeka kwa namna ya ghafla, futi bado iko shingoni. Binti yake alinipokea bila kunibusu. Yeye alinyanyuka.

"Mwana wa redio," alisema. "Karibu. Ulipotea."

Sikupotea, nikamwambia. Nilijificha. Kisha nikamweleza yote: visanduku, kikao cha kamati, ile karatasi niliyoikunja. Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia, nikaona aibu hata kwa hilo. Alinisikiliza mikono magotini. Nilipofika kwenye karatasi alitikisa kichwa kidogo.

"Ile nilijua," alisema. "Usiku ule ule—oya, si usiku, ilikuwa baada ya Magharibi, nilikumbuka ulivyokunja. Wewe hukunji hivyo. Nikasema, atarudi aniambie."

Nikampa bahasha. Alivaa miwani akasoma kibao taratibu, kidole kikipita chini ya kila jina kana kwamba anahakiki mtu mwingine. Akasoma na barua. Kisha akavirudisha vyote ndani ya bahasha na kunirudishia mkononi.

"Iko muzuri. Weka kwa ofisi yako."

"Fundi, kitawekwa kesho. Na toleo la pili la kitabu..."

"Hapana. Usiniandike. Sasa usiniandike, hata mahali ingine."

"Kwa nini? Ulitaka."

"Nilitaka," alikubali. "Wale wane, wawili wako chini. Mumoja haoni. Mumoja hanijui tena mimi ni nani, namusalimia anasema karibu mugeni. Nani atasoma?" Alivua miwani. "Koti ya harusi ukiileta kesho yake, mwanangu, ni koti tu."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimekuja na kijiko. Ili nisiondoke hivi hivi, ili nibaki na kisingizio cha kurudi, nikamwomba anishonee koti la kazi. Nilidhani atakataa. Alimwita binti yake.

Tulisimama nyuma ya pazia la chumbani, mimi na binti, kama zamani. Alinipima bila maneno, na namba alizitaja kwa sauti ya chini. Upande wa pili nilisikia kalamu. Kifua. Kiuno. Nyonga. Mkono, kutoka begani. Tulimaliza, nami ndipo nikatambua kwamba kuna kitu hakikufanyika. Nilitoka nyuma ya pazia. Daftari lilikuwa jipya, magotini mwake, na ukurasa wangu ulikuwa umejaa namba zilizopangwa vizuri. Juu, mahali pa jina, palikuwa patupu.

"Fundi," nikasema, "hukuniuliza jina."

Alifunga kalamu. Alinitazama bila hasira hata kidogo, na laiti ingekuwepo ningeishika.

"Iko sawa," alisema. "Watu watakujua kwa kazi yako."

Koti lilikuja Jumanne, wakati alisema Ijumaa. Ni la rangi ya majivu. Linanikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa, na Mkurugenzi ameniuliza mara mbili fundi wangu ni nani. Siku lilipofika nilifunga mlango wa ofisi nikageuza mfuko wa ndani. Kitambaa cheupe kilikuwemo, kimeshonwa kwa mkono pembe zote nne. Hakikuandikwa kitu.